Koki Mbili Kati ya Viti

Mume wangu haamini kitu kisichofungika. Ni fundi bomba, na katika kila nyumba aliyoingiza maji mtaani kwetu utakuta koki kila kona: koki getini, koki nyuma ya choo, koki chini ya sinki, koki kabla ya koki. Wateja hunung'unika kwanza. Halafu siku bomba linapopasuka wanafunga kipande kimoja tu, nyumba nzima inaendelea kuoga na kupika, na wanakuja kumshukuru. Ndiyo maana wakamwita Koki, na jina likamganda mpaka mama yake mzazi akawa analitumia siku akiwa na furaha naye.

Mama mkwe ndiye hasa chanzo cha mambo haya. Zamani, Koki akiwa bado ananyonya, yeye na marehemu baba mkwe walikwenda mazishini, wakarudi jioni wakakuta bomba la juu limeachia na dari imeanguka yote kwenye kitanda anacholala mtoto. Bahati mtoto alikuwa mgongoni mwa mama yake. Tangu siku hiyo ikawa sheria: hatoki mtu ndani kabla maji hayajafungwa, na mkono wa kufunga ni wake. Siku hizi macho yake yameingia ukungu, anatutambua kwa sauti na kwa hatua, lakini koki haimpotei. Akimtembelea jirani, wakati wa kuaga anapapasa ukuta mpaka aikute, anaifunga, anaondoka zake, na jirani anabaki bafuni na povu kichwani akipiga kelele. Tulikuwa tunacheka mpaka mbavu zinauma. Siku hizi hatucheki.

Gari lilianza kama utani. Koki alipata injini nzima ya gari lililobiringika, ikiwa na giaboksi yake na ekseli zake, akaileta uani akaifunika turubai. Nikadhani ataiuza. Kumbe alikuwa anaipigia hesabu. Akaanza kuchomelea mabomba ya mraba, wiki hii fremu, wiki ile sakafu, na mimi kwa ujinga wangu nikamwambia mtoto, "Baba yako anatengeneza banda la kuku." Banda likaota magurudumu. Likaota usukani. Binti yetu, ambaye tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi hata akilala, akawatangazia wenzake wote kwamba akienda shule ya bweni ng'ambo ya mlima hatapanda gari la mtu, atapelekwa na gari la baba yake. Koki akasikia, akavimba kichwa, na kuanzia hapo gari likawa ahadi.

Mimi ni fundi cherehani. Mashine yangu ipo barazani, imeelekea uani, kwa hiyo kila kilichofungwa na kufunguliwa kwenye gari lile nilikiona, nitake nisitake.

Kwenye vyuma sikuwa na neno. Moyo ulianza kunisumbua alipofika kwenye maji. Injini aliiweka nyuma ya viti, kwa kuwa hapo ndipo ilipokuwa rahisi kusukuma magurudumu, na rejeta akaiweka mbele kabisa, upepo unakopigia. Sasa maji ya moto yatoke nyuma yaende mbele yakapoe, kisha yarudi. Chini ya sakafu hapakuwa na nafasi, gari limekaa chini mno, jiwe moja tu barabarani lingekata kila kitu. Basi akayapitisha ndani. Mabomba mawili ya shaba, moja la kwenda na moja la kurudi, yamelala sambamba katikati ya kiti cha dereva na kiti cha abiria, na juu yake kisanduku cha mbao cha kuyafunika.

Niseme ukweli, yalikuwa mazuri. Kila kiungo kimelehemiwa kikakaa laini, hakuna tone lililomwagika pembeni. Ukimtoa kwenye bomba mume wangu ni mtu wa kawaida tu, hata kufunga vifungo vya shati anakosea, lakini ukimpa bomba mkononi unamheshimu.

"Na Chiriku atakaa wapi?" nikamuuliza.

"Hapo hapo kati. Juu ya kisanduku. Utamshonea mto."

"Mwanangu akae juu ya maji yanayochemka?"

"Maji yako ndani ya bomba, mama Chiriku. Kwani kitandani kwako chini hapapiti bomba?"

"La baridi!"

"Bomba ni bomba," akasema, na akarudi kuinama. Mimi simezi maneno, kila mtu anajua, lakini ukigombana na mgongo wa mtu aliyeingiza kichwa chini ya gari unachoka mwenyewe. Nikamwita kaka yangu.

Kaka yangu ni fundi magari na ni mtu wa mizaha. Alifika akiwa anacheka, akazunguka gari mara ya kwanza akisifu, akauliza kama limekatiwa bima ya mbuzi au ya ng'ombe. Mama mkwe alikuwa amekaa ndani yake, kiti cha abiria, kama alivyozoea kila alasiri. Alilipenda kwa sababu lilikuwa na kivuli na kiti laini kuliko vyetu vyote. Kaka akamwamkia, akainua kifuniko cha kisanduku, na mzaha ukamkauka mdomoni.

"Shemeji, hizi za nini?"

Zilikuwa koki mbili, moja kwenye kila bomba, za mpini wa kulaza na kusimamisha. Mpini mwekundu kwa maji ya moto, wa buluu kwa maji ya kurudi. Koki alikuwa ametoboa hata nafasi kwenye kifuniko ili mipini itokeze juu, mtu asihangaike kufungua.

"Za kufungia," Koki akasema. "Nikitaka kutoa rejeta nafunga hapa, sipotezi maji ya injini. Nikitaka kutoa injini nafunga hapa, sipotezi ya rejeta. Gari gani unalijua lenye kitu hiki?"

"Hakuna."

"Umeona sasa!"

"Hakuna kwa sababu, shemeji. Zitoe."

Koki akacheka. Kaka hakucheka. Alichuchumaa akaongea taratibu, na mimi nikasimamisha cherehani ili nisikie.

"Maji ya nyumbani yanasukumwa na tanki. Ukiyafunga yanatulia, yanakusubiri hata mwaka. Haya yanasukumwa na moto. Ukiyafunga hayakusubiri. Mfuniko wa rejeta upo mbele kule, si ndiyo? Ndiyo pumzi ya injini. Joto likizidi, mvuke unatokea pale. Sasa ukifunga hizi koki zote mbili, injini imebaki na maji yake peke yake, nyuma ya mgongo wako, umeiziba pua na mdomo. Itatafuta pa kutokea, na patakuwa hapa mtoto alipokaa."

"Nani atazifunga? Mimi sina akili?"

Ndani ya gari mama mkwe alikuwa anajipepea kwa kipande cha boksi, akiimba kwa sauti ndogo.

"Mama atazifunga," nikasema.

Koki alisimama akaniangalia kwa jicho ambalo sijalizoea. "Unamfanya mama yangu mwehu?"

"Sijasema mwehu. Nimesema atazifunga. Tangu nimeolewa hapa sijaona koki aliyoiacha wazi."

Ilikuwa kweli na alijua ni kweli, ndiyo maana ilimuuma. Alinung'unika, akatia mkono, akafungua nati za mipini yote miwili akaichomoa, koki zikabaki vichwa vitupu. Akaenda nayo mpaka ukutani, juu ya koki kuu ya nyumba, akaitundika kwenye msumari. "Haya. Mmefurahi?"

Kaka aliuliza jambo moja zaidi kabla hajaondoka: kipimo cha joto kimefungwa wapi. Koki akamwonyesha. Kilikuwa kwenye bomba la moto, mbele, karibu na dashibodi, kwa sababu waya wake ulikuwa mfupi.

"Kipeleke nyuma kwenye injini yenyewe. Hapa kinapima maji yaliyofika, hakipimi injini. Maji yasipofika, kitakudanganya."

"Nitaunga waya," Koki akasema.

Nikamsindikiza kaka mpaka getini. Akanishika bega. "Dada, sikiliza. Siku likichemka, zimeni, shukeni, kaeni mbali. Msifungue kitu chochote. Hata likilia namna gani, msifungue mpaka lipoe lenyewe."

Siku zilizofuata Koki alikuwa anapambana na hewa. Mabomba yale yalikuwa yameinuka kidogo katikati, na hewa ikapenda kukaa pale. Akiwasha injini unaisikia inabubujika ndani ya kisanduku, kama mtu anayesukutua na hatemi. Akizima, mabomba yanaanza kugonga: tik, kimya, tik tik, kimya. Nilikuwa nakaa kwenye cherehani nashona sare ya Chiriku, na kila yakigonga sindano yangu inakwenda upande. Mama mkwe akasema, "Gari lenu lina kikohozi, mlitibu." Chiriku akacheka, akakipigapiga kisanduku mgongoni.

Siku moja kabla ya safari, hewa ikatoka. Koki aliingia ndani akiwa amelowa mpaka kwapani, anang'aa meno. "Tayari! Mshale umesimama katikati, hautikisiki." Chiriku alimrukia shingoni. Na mimi, Mungu ananiona, nilifurahi. Nilikuwa nimemwona mtu huyu mwaka mzima akijikunja uani baada ya kazi za watu, na nilitaka afaulu.

Asubuhi akawasha injini kuipasha moto. Mshale ukapanda mpaka katikati ukatulia, akazima, tukaanza kupakia. Sanduku la bati la shule, godoro lililokunjwa, ndoo. Mama mkwe hakuwa anasafiri, lakini alikuwa amevaa nguo yake nzuri.

"Nataka kuliombea kabla halijatoka," akasema. "Niingizeni."

Koki akamshika mkono akamwingiza kwenye kiti cha abiria. Tukampa nafasi, maana sala yake haitaki watu wa kuchungulia. Mimi nilikuwa nafunga godoro kwa kamba, Koki anakagua matairi, Chiriku anawaaga majirani wasiokuwa hata na habari kwamba anawaaga. Nilimsikia mama akiomba kwa kunong'ona, kwa muda mrefu. Kisha akaita apewe blanketi, akalikunja mwenyewe, akalitandika vizuri juu ya kisanduku, akalibonyezabonyeza pande zote. "Mjukuu wangu asiumizwe na mbao," akasema. Akashuka. Uso wake ulikuwa na amani, ile ya mtu aliyemaliza kazi yake yote.

Tukaondoka. Gari likipita kwenye ukuta wa nyumba niligeuza shingo kuangalia koki kuu, mazoea tu ya nyumba ile. Juu yake palikuwa na msumari. Msumari haukuwa na kitu.

Machale yakanicheza, lakini tulikuwa tayari getini, watoto wanakimbia nyuma yetu wakishangilia, Chiriku anawapungia mikono miwili. Nikasubiri mpaka tukaiacha mitaa.

"Baba Chiriku. Mipini iko wapi?"

Akawa ghafla ni mtu mwenye shughuli nyingi na barabara. "Ipi?"

"Usijitie hamnazo."

"Niliirudisha jana. Ningetoaje hewa bila kufunga upande mmoja kwanza? Nitaitoa tukifika."

"Jana ulimaliza. Kwa nini hukuitoa jana?"

"Ilinipitia. Mama Chiriku, leo ni siku ya mtoto, tusigombane."

Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. "Na waya wa kipimo? Uliuunga?"

"Kipimo kinafanya kazi. Angalia mwenyewe."

Nikaangalia. Mshale ulikuwa umeshuka chini kidogo ya katikati. Mbele yetu barabara ilianza kupanda mlima, kona baada ya kona, na Koki akarudisha gia. Injini ikaongeza mngurumo mgongoni mwetu. Ukuta kati yetu na yenyewe ulikuwa plaiwudi tu, unatetemeka. Chiriku alikuwa anaeleza jinsi atakavyochagua kitanda cha juu, na nani atakuwa rafiki yake, na kwamba akipewa kitanda cha chini hatalia.

Mshale ukashuka tena.

"Unaona?" Koki akasema, na sauti ilikuwa imejaa furaha kabisa. "Tunapanda mlima na linapoa! Kaka yako angekuwepo ashuhudie. Linapoa mlimani!"

Mimi sijui injini. Lakini nimeshika pasi tangu nikiwa msichana, na sijawahi kuona pasi inayopoa ukiiongezea moto. Nikaukodolea macho mshale ule. Ulishuka polepole, bila haraka, ukaenda kulala chini kabisa, pale unapolala gari likiwa halijawashwa. Na kiti changu chenyewe kilikuwa kinapata joto.

Ndipo nikagundua kwamba Chiriku amenyamaza.

Alikuwa ameinua miguu yake yote miwili ameikumbatia. "Mama," akasema, "huku mbele kwa miguu kuna baridi. Huku nyuma nilikokalia kunaniunguza."

Nikaingiza mkono chini ya blanketi. Koki ikilala sawa na bomba, iko wazi. Ikikata bomba, imefungwa. Hilo nyumbani kwetu analijua kila mtu, hata huyo Chiriku. Vidole vyangu vikaukuta mpini wa kwanza umekata. Nikatafuta wa pili. Umekata.

"Zima!" nikapiga ukelele. "Zima gari! Zimefungwa! Zote mbili!"

Koki hakuuliza mara mbili. Akatia pembeni, akazima, tukasimama nusu juu ya majani. Injini ilipokufa ndipo tukasikia kilichokuwa nyuma yake: mlio mwembamba, mrefu, wa kitu kinachobanwa, na mabomba kwenye kisanduku yanalia kwenye viungo. Nikafungua mlango kwa bega. Nikamkamata Chiriku popote mkono ulipofika, nadhani ilikuwa shingo ya gauni, nikamvuta nikakimbia naye bondeni. Kiatu kimoja kilibaki. Alikuwa anasema, "Kiatu changu, mama, kiatu," na mimi simwachii.

Nilipogeuka, Koki alikuwa bado ndani.

"Toka!"

"Nakuja!" Aliinama katikati ya viti. Blanketi alikuwa amelitupa.

"Usifungue! Baba Chiriku, kaka alisema usifungue!"

"Nafungua kidogo tu, lipumue!"

Nataka nieleweke. Hakuwa mjinga. Alikuwa amesikia kila neno la kaka yangu, kama nilivyolisikia mimi. Lakini mtu huyu tangu utoto, bomba likilia, mkono wake unakwenda kwenye koki kabla kichwa hakijasema lolote, na nyumba ngapi mtaani kwetu hazikuzama kwa sababu ya mkono ule. Nilimwona bega lake likizunguka. Nilimwona akiulaza mpini.

Mpira wa nyuma, ule unaounganisha bomba na injini, ukachomoka kwenye shaba. Sikusikia mlipuko, nilisikia pumzi moja kubwa, na gari likajaa weupe mpaka kwenye vioo. Weupe ukatoka milangoni. Halafu nikamsikia yeye. Sauti ile sitaiandika. Nilimfunika Chiriku masikio kwa mikono yangu na mimi nikabaki naisikiliza yote, kwa kuwa mikono ni miwili tu.

Alitoka mwenyewe, akitembea, akiwa ameunyoosha mkono wa kulia mbele yake kama si wake. Akakaa majani. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama mtoto yuko salama. Nikamwambia yuko salama. Akasema, "Basi," akalala chali. Nilipokuwa nazuia lori lililokuwa linashuka, niligeuka mara moja nikaona kisanduku kupitia mlango uliokuwa wazi. Mbao alizokuwa amekalia Chiriku zilikuwa zimepasuka zikainuka juu. Nikamwonyesha dereva wa lori kwa kidole tu.

Hospitali walisema ataishi. Mkono wa kulia wote, kifua, shingo upande mmoja. Daktari alieleza kwamba vidole vitapona ngozi lakini kukunja itakuwa shida, na akauliza mgonjwa anafanya kazi gani. Nikamjibu. Akaangalia karatasi zake.

Kaka yangu akaja. Alikuwa amepita kwanza mlimani kuliona gari. Alisimama nami ukumbini, karibu na dirisha, na hakuwa na mzaha hata mmoja.

"Koki moja imefunguliwa nusu, nyingine imefungwa," akasema. "Nani alizifunga?"

Nikamshika Chiriku mkono, tukatoka.

Njia nzima ya kurudi nyumbani, Chiriku akiwa amenilalia bila kusema neno, nilikuwa nayapanga. Nilikuwa nayapanga maneno yangu moja moja kama vitambaa vya kukatwa. Nitamwambia. Miaka yote hii nimecheka, nimebeba ndoo, nimeomba radhi kwa majirani. Leo nitamwambia mkono wake umefanya nini. Nilikuwa na hasira na Koki kwa ile mipini, na hasira na gari, lakini Koki alikuwa amelala kwenye bandeji na gari lilikuwa mlimani limekufa, na aliyebaki wa kumkasirikia alikuwa mmoja.

Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, bado na nguo yake nzuri. Kaka alikuwa ameshampigia simu jirani akampa habari nusu. Aliposikia hatua zetu alisimama, mikono ikitafuta hewani.

"Mwanangu?"

"Yu hai, mama. Ameungua mkono na kifua. Ataishi."

"Na mjukuu wangu? Yuko wapi mjukuu wangu?"

Chiriku akaniachia akamwendea. Mama mkwe akampapasa kichwa, uso, mikono, akashuka mpaka miguuni, mguu wenye kiatu na mguu usio na kiatu, akitafuta kwa vidole mahali palipoungua. Alipapasa polepole, hakuruka hata kipande. Hakukuta kitu. Ndipo akaanza kulia, akakaa chini na mtoto mapajani, na akaunyoosha mkono kunitafuta mimi. Nikampa wangu. Maneno yangu yalikuwa yamefika kwenye meno.

"Mwanangu," akasema, "unajua nilizikuta wazi? Zote mbili. Asubuhi, nilipokuwa naomba. Nikasema, hawa watoto wamesahau tena, na huyu mtoto atakaa hapahapa juu. Nikazifunga, nikatandika blanketi asizifungue kwa kucheza. Nisingezifunga, maji yote yale yangemmwagikia yeye."

Chiriku aliinua macho akaniangalia. Ana akili yule mtoto, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alisubiri mtu mwingine aseme kwanza.

"Asante, mama," nikasema.

Akanibana mkono. Kisha akajifuta machozi, akainuka, akapapasa ukuta mpaka kwenye koki kuu, akahakikisha. Akarudi.

"Akipona, akitengeneza lingine, mwambie aziweke karibu na mlango," akasema. "Pale katikati nilihangaika kuzipata."

Nikamwambia nitamwambia.